Mtihani wa Dodoma, kazi ya Kalambo

Matangazo ya kuitwa kwenye usaili wa utumishi wa umma yana sharti moja ambalo mkazi wa Dodoma hulipita bila kuliona na mkazi wa Sumbawanga hulisoma mara mbili: kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Limechanganywa na masharti mengine, la kuja na vyeti halisi, la kitambulisho, la majina yanayotofautiana kwenye vyeti, kana kwamba yote yana uzito mmoja.

Kutoka Sumbawanga hadi Dodoma, kwa kupitia Tunduma, Mbeya na Iringa, ni kilomita zinazokaribia 900. Dar es Salaam ni zaidi ya 1,100. Kwa nauli elekezi ambazo LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ilizitangaza mwishoni mwa 2023, basi la daraja la kawaida lilipangiwa shilingi 48.47 kwa kilomita, na hesabu hiyo haihitaji kompyuta: kwenda na kurudi Dodoma ni zaidi ya shilingi 80,000, bado chai ya njiani, bado gesti, bado safari ya pili kama hatua inayofuata haitafanyika wiki hiyo hiyo. Nyumbani kwa mkulima wa Laela au Matai, mkoani Rukwa, fedha hiyo hutoka kwenye mahindi. Tangazo likitoka wakati bei iko chini, mahindi huuzwa kwa bei hiyo hiyo ya chini, mara nyingi kwa mlanguzi anayejaza lumbesa, kwa sababu tarehe ya usaili haimsubiri mtu bei ipande.

Gharama hiyo humwangukia kila mwombaji wa pembezoni, awe anaomba uhasibu, uuguzi au udereva. Watengenezaji wa programu za kompyuta wana hoja ya ziada ambayo inastahili kusemwa peke yake. Kazi yao huandikwa kwa kompyuta na hufanyika popote palipo na umeme na mtandao, na matokeo yake hubaki pale pale yakionekana. Mtu anaweza kuifungua programu ya kijana wa Kizwite, mjini Sumbawanga, akiwa Dodoma, akaiendesha, akaiona inapokwama. Kama kuna fani ambayo mwajiri hana sababu ya kumsafirisha mtu siku mbili ili ajue anachoweza, ni hii. Na ndiyo fani ambayo, karibu dunia nzima, imejitengenezea usaili ulio mbali zaidi na kazi yenyewe.

Kabla ya kulaumu, haki itendeke. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilianza kazi 2009, baada ya Sheria ya Utumishi wa Umma kurekebishwa 2007. Kabla ya hapo taasisi nyingi zilijiajiria zenyewe, na kila Mtanzania wa umri fulani anakumbuka maana yake: vimemo, kujuana, mjomba aliyeko wizarani. Kijana wa Nkasi asiye na mjomba Dodoma alikuwa ameshindwa kabla barua yake haijafunguliwa. Mtihani wa mchujo unaofanywa kwa namba badala ya majina, na matokeo yake yakabandikwa mtandaoni namba kwa namba na alama kwa alama, ni ulinzi wa kweli kwa mtu wa namna hiyo. Anayetaka kuuondoa aseme kwanza atamlinda kwa kitu gani.

Kuna pia suala la wingi. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili wa nafasi 70, na waliofika walizidi 10,000, ikabidi wakae kwenye viti vya Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam. Picha za siku ile zilisambaa nchi nzima. Karibu miaka kumi na moja baadaye, mwanzoni mwa 2025, Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596 ilipokea maombi zaidi ya 135,000. Hakuna jopo linaloweza kuzungumza na watu laki moja. Lazima pawe na chujio, na chujio la haraka ni karatasi, au siku hizi kompyuta, yenye maswali ya kuchagua na ya kujieleza kwa kifupi.

Tatizo la watengenezaji wa programu linaanzia hapo hapo kwenye chujio. Mtihani wa namna hiyo hupima kile kinachoulizika haraka: maana ya istilahi, tofauti ya hiki na kile, sifa tano za mfumo fulani, hatua za kutengeneza programu kama zilivyopangwa kwenye kitabu cha mwaka wa pili wa chuo. Wasailiwa wameshaujua mchezo. Maswali ya awamu zilizopita huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, mengine yakiuzwa kama vitini, na aliyeyakariri wiki tatu humpita aliyeshinda miaka mitatu akitengeneza mfumo wa duka la dawa mjini Sumbawanga. Huyo wa pili ataambiwa ajibu programu ni nini. Anajua, lakini hajawahi kuhitaji kuitaja kwa maneno ya kitabu.

Ufipa, yaani eneo hili la Sumbawanga na Nkasi, ina kumbukumbu yake ya mafundi waliopimwa kwa kazi yao, si kwa istilahi. Katika wilaya ya Nkasi bado yapo mabaki ya malungu, yale matanuru marefu kuliko mtu ambayo Wafipa walitumia kuyeyushia chuma bila mivuo, upepo ukijivuta wenyewe kupitia matundu ya chini; mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyachunguza kwa miaka mingi. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuru dogo kabla ya kuwa jembe. Sifa ya fundi ilikuwa kwenye jembe hilo, na mkulima alilijua kwa kulipiga ardhini.

Sasa itazamwe kazi ya mtengeneza programu, jinsi ilivyo katika nyanda hizi. Tangu msimu wa 2022/2023 mbolea ya ruzuku huuzwa kwa mfumo wa kidijitali: mkulima husajiliwa kijijini, hupewa namba, na wakala hathubutu kumpa mfuko mpaka simu yake ikubali. Mvua za Rukwa hazimngoji mtu. Novemba inapofika, foleni ya wakulima husimama mbele ya duka, wakala amenyanyua simu juu akitafuta mtandao, na jibu linalotoka dukani ni lile ambalo kila Mtanzania analijua, kwamba mfumo hausomi. Geti la ushuru wa mazao lina mashine ya posi yenye maradhi hayo hayo. Dirisha la hospitali nalo: mgonjwa ameshaonwa na daktari, ila hawezi kulipia dawa kwa sababu skrini inazunguka tu.

Kila moja ya hali hizo ni swali la usaili, tena swali gumu. Programu ya wakala ifanye nini mtandao ukikatika katikati ya mauzo? Ihifadhi mauzo kwenye simu na kuyatuma baadaye? Je, mkulima huyo huyo akienda kwa wakala mwingine saa hiyo hiyo na namba ile ile, atapewa mifuko mara mbili? Malipo yakikatwa kwenye simu ya mteja lakini risiti isije, nani aaminiwe, simu au seva? Mzee asiyesoma atajuaje kwamba namba yake imetumika? Hakuna jibu moja sahihi la kuweka alama ya vema. Kuna majibu yanayoonyesha kwamba mtu amewahi kufikiria, na mengine yanayoonyesha kwamba hajawahi kusimama kwenye foleni ile. Kijana aliyekulia Mtowisa, bondeni chini ya Lyamba lya Mfipa, ambako simu ilikuwa na mtandao kwenye kichuguu kimoja tu, ana ujuzi ambao hauna mahali pa kuandikwa kwenye fomu ya maombi. Mchujo wa sasa haumuulizi hata mara moja.

Inawezekana hata kusema kwamba usaili unaofanyika mbali umechangia mifumo inayoshindwa karibu. Anayechaguliwa kwa kujua istilahi atatengeneza mfumo unaofanya kazi vizuri kwenye meza aliyofanyia mtihani. Kisha kuna jambo la pili, ambalo maafisa utumishi wa halmashauri za Rukwa hawahitaji kuelezwa. Mkoa una halmashauri nne: Manispaa ya Sumbawanga, Sumbawanga vijijini, Nkasi na Kalambo. Mtaalamu wa TEHAMA anasailiwa Dodoma, anapangiwa Kalambo, anafika Matai, anaangalia huku na huku, na kinachofuata ni barua ya kuomba uhamisho. Wakati huo yule ambaye kwao ni hapo hapo hakwenda Dodoma kwa sababu nauli haikupatikana.

Usaili mbovu wa fani hii haukuzaliwa Tanzania. Juni 2015 Max Howell, aliyeandika Homebrew, programu ambayo wahandisi wengi wa kompyuta duniani huitumia kuweka programu nyingine kwenye mashine zao, alitangaza kwa hasira kwamba Google imemkataa. Kwa maelezo yake, wahandisi wengi wa kampuni hiyo walikuwa wakiitumia kazi yake kila siku, lakini aliposimamishwa mbele ya ubao na kutakiwa aupindue mti wa data, zoezi la kitabuni ambalo wengi hawaligusi tena baada ya chuo, alikwama. Mabishano yaliyozuka hayajaisha mpaka leo. Wengine walisema kampuni ina haki ya kutaka misingi. Wengine waliuliza ni misingi ya nini, ikiwa mtu ameshajenga kitu kinachosimama.

Miaka miwili kabla, Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa Google hiyo hiyo, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo waliyokuwa wakiwatega nayo waombaji, ya aina ya mipira mingapi ya gofu inaenea kwenye ndege moja, hayakutabiri lolote kuhusu utendaji wa mtu kazini. Yaliwapa tu wasaili raha ya kujiona werevu. Alisema pia kwamba alama za chuo zilikuwa na msaada mdogo sana, isipokuwa kwa mtu aliyetoka kuhitimu. Kauli hizo zilisomwa dunia nzima, na kampuni nyingi ziliendelea na mafumbo kama kawaida.

Uchunguzi wenye uzito zaidi kwa msomaji wa hapa ni ule uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina pamoja na Microsoft, ukatolewa 2020. Waliwachukua wanafunzi 48 wa kompyuta, wakawapa zoezi moja la kutunga programu. Kundi moja lilifanya kwa mtindo wa usaili wa kawaida, ubaoni, msaili akitazama na mtahiniwa akitakiwa kueleza anachofikiria kila hatua. Kundi la pili lilifanya zoezi hilo hilo kwenye chumba cha faragha. Utendaji wa waliotazamwa ulikuwa chini ya nusu ya ule wa wenzao. Wanawake wote waliokuwa kwenye kundi la kutazamwa walishindwa. Wanawake wote waliokuwa kwenye kundi la faragha walifaulu. Wanawake hao walikuwa wachache, kwa hiyo isichukuliwe kama kanuni ya maumbile. Ila inatosha kumfanya mwajiri ajiulize kama anapima akili ya mtu au anapima jinsi mtu anavyovumilia kukodolewa macho.

Jambo hilo lina sura yake katika mahojiano ya ana kwa ana ya hapa nchini. Jopo limekaa upande mmoja wa meza, watu watano au zaidi, wengine wenye umri wa wazazi wake. Mtoto aliyelelewa Ufipa amefundishwa kwamba mkubwa hatazamwi usoni kwa kumkazia, na kwamba mtu hajisifu mwenyewe, husifiwa na wengine. Anainamisha macho, anajibu kwa sauti ya chini, anasema "tulifanya" pale ambapo alifanya peke yake. Upande wa pili wa meza anaandikiwa kwamba hajiamini. Mara nyingi mahojiano yenyewe ni kwa Kiingereza, ambacho amekisoma zaidi ya alivyokizungumza, ingawa akiajiriwa atashinda siku nzima akiwaelekeza watu kwa Kiswahili jinsi ya kuingia kwenye mfumo.

Halafu kuna utani. Mtu akitaja kwamba ametoka Sumbawanga, Watanzania wengi hawajizuii: umekuja na basi au na ungo? Kwenye daladala utani huo hauna ubaya, na Wafipa wenyewe huujibu vizuri kuliko unavyoulizwa. Mbele ya jopo, mwanzoni mwa dakika kumi na tano zinazoamua maisha ya mtu, ni kitu kingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, na kabila au mahali mtu anakotoka ni mmojawapo. Msaili anayechekesha ili kumpunguzia mtu woga huenda ana nia njema kabisa. Wenzake wa Arusha na Moshi hawaanzi usaili wao kwa kujibu habari za uchawi.

Kwenye kampuni binafsi masharti ya nauli yamepungua, maana nyingi husaili kwa video. Kwa miaka michache ilionekana kama ukombozi wa pembezoni: Dar es Salaam, Nairobi, hata Ulaya, vyote kwenye skrini moja. Lakini video nayo ina nauli yake. Rukwa kwa miaka mingi imekuwa nje ya gridi ya Taifa, ikipata umeme kutoka Zambia kupitia Mbala. Njia kubwa ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, sehemu ya mradi wa TAZA wa kuunganisha gridi za Tanzania na Zambia, ndiyo iliyokusudiwa kuigeuza hali hiyo. Mtihani wa mtandaoni wa dakika 90 unaohesabu sekunde hauelewi kukatika kwa umeme. Ukizimika dakika ya 40, mfumo unaandika kwamba mtahiniwa ameondoka. Na bando la kuendesha video ya saa nzima si sawa na bando la kusoma ujumbe.

Kero nyingine ya kampuni binafsi ni ile kazi ya kwenda kufanyia nyumbani. Wazo lake lilikuwa zuri: badala ya kumweka mtu ubaoni, mpe kazi ndogo inayofanana na ya ofisini, aifanye kwa nafasi yake. Polepole ikavimba. Malalamiko ya vijana wa fani hii sasa yanafanana kila mahali: kazi ndogo imekuwa mfumo mzima wenye kurasa za kuingia, malipo na ripoti, siku tano za kutolala, bila malipo, halafu kimya. Hapigiwi simu, haandikiwi barua pepe. Mara nyingine anahisi kwamba alichokituma kimetumika, na hana njia ya kuthibitisha. Mfano huo ungetokea kwa fundi ujenzi, kwamba ajenge chumba kizima bure ili mwenye nyumba aone kama anafaa, kijiji kizima kingesimama. Kwa sababu kazi ya programu haina matofali, inaonekana haina jasho.

Kazi hizo za nyumbani sasa zina adui mpya. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, mwajiri hawezi kujua kama msimbo aliotumiwa umeandikwa na mwombaji au na mashine. Hata usaili wa video umeingiliwa. Mtu husoma majibu pembeni mwa skrini. Juni 2025 Sundar Pichai, mkuu wa Google, alisema kampuni yake itahakikisha walau hatua moja ya usaili inafanyika ana kwa ana. Kwa mkazi wa London hiyo ni safari ya treni ya mjini. Ikiwa waajiri wa Dar es Salaam wataifuata njia hiyo, na kwa kawaida hufuata, basi mlango uliofunguliwa kwa video utarudishiwa, na kijana wa Sumbawanga atajikuta tena kwenye basi la alfajiri.

Hapo ndipo Serikali, kinyume na inavyozoeleka kusemwa, ina nafasi nzuri kuliko kampuni yoyote. Ina majengo kila mkoa. Ina uzoefu wa kusimamia mitihani hadi kijijini. Na mwanzoni mwa 2025 iliwasaili walimu kwa maelfu mikoani badala ya kuwakusanya wote makao makuu, jambo ambalo wengi waliamini lisingewezekana mpaka lilipofanyika. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi mkoani Rukwa. VETA ina chuo cha mkoa. Chumba chenye kompyuta, jenereta na msimamizi aliyeapishwa si anasa ya kufikirika.

Kinachobaki ni swali la nini kiulizwe kwenye chumba hicho, na hapa fani ya programu ina faida ambayo uhasibu na sheria hazina. Mtihani wake wa vitendo unaweza kusahihishwa na kompyuta. Olimpiadi ya kimataifa ya kompyuta kwa wanafunzi wa sekondari, iliyoanza Bulgaria 1989, hufanya hivyo kwa mamia ya watahiniwa: programu ya mtoto huingizwa data, jibu lake hulinganishwa na jibu sahihi, alama hutoka. Hoja ya kwamba watu ni wengi mno, kwa hiyo lazima waulizwe maswali ya kuchagua kwanza na vitendo vije baadaye kwa wachache, haina nguvu kwa fani hii. Vitendo vinaweza kutangulia.

Visiwe tu mafumbo ya mashindano, maana hayo nayo hukaririwa, kama lile zoezi la kitabuni lililomwangusha Howell. Mtahiniwa apewe programu ndogo iliyoharibika. Kwa mfano kipande cha mfumo wa ushuru kinachokokotoa vibaya gunia linapopimwa kwa kilo badala ya idadi, au kinachomtoza mtu mara mbili mtandao ukikatika. Aisome kazi ya mwenzake, aitafute hitilafu, airekebishe, aandike sentensi chache, kwa Kiswahili au Kiingereza, akieleza alichokiona. Kompyuta itapima kama imepona. Mtu atasoma maelezo ya wale waliofaulu tu. Mtengeneza programu hutumia sehemu kubwa ya maisha yake akisoma na kutengeneza kilichoandikwa na wengine, na ni ajabu kwamba hicho ndicho kinachopimwa kwa nadra zaidi. Hitilafu za mifumo ya umma zipo tele. Hakuna haja ya kuzitunga. Zibadilishwe kila awamu, wauza vitini watafute kazi nyingine.

Kwa wachache watakaofika mahojiano ya mwisho, mwajiri alipe nauli. Kampuni kubwa zinazotaka mtu aje ana kwa ana hufanya hivyo nchi nyingi, na halmashauri inayotafuta afisa mmoja inaweza kuwaita watatu badala ya kumi na tano ikiwa vitendo vimeshawachuja sawasawa. Mwenye mfuko mdogo atalazimika kuchuja vizuri. Leo gharama ya mchujo mbovu anailipa msailiwa, kwa hiyo mchujaji hana sababu ya kubadilika.

Upinzani utakuwepo, na mmoja una uzito. Mtu anaweza kusema kwamba kumpa mtahiniwa kompyuta Sumbawanga kunamfaa yule tu aliyewahi kuwa na kompyuta, na kwamba karatasi, pamoja na dhambi zake zote, ni sawa kwa mwenye laptopu na asiye nayo. Ni kweli kwamba wapo wahitimu waliosoma programu miaka mitatu wakigawana mashine moja watu wanne. Kwao mtihani wa vitendo utakuwa mchungu. Lakini nafasi inayoshindaniwa ni ya kutengeneza programu, na halmashauri itakayompokea mtu asiyewahi kuitengeneza haitapata fedha wala muda wa kumfundisha; wakulima wa foleni ya mbolea ndio watakaomfundisha, kwa hasara yao. Uchungu huo unapaswa kupelekwa kwenye vyuo vinavyotoa cheti bila kompyuta.

Upinzani mwingine, kwamba mikoani kuna wizi wa mitihani, ulisemwa pia kabla ya usaili wa walimu. Dawa yake inajulikana: maswali yafunguliwe saa ile ile kila kituo, kila mtahiniwa apate hitilafu tofauti kidogo na ya jirani yake, mtandao wa nje ufungwe. Vijana wenye uwezo wa kuandika mfumo wa namna hiyo wapo nchini. Mamlaka ya Serikali Mtandao imekuwa ikitengeneza mifumo mizito kuliko huo.

Na matokeo yatoke kwa undani kidogo. Jedwali la sasa la Sekretarieti linampa mtu namba yake, alama yake na neno moja la kuchaguliwa au kutochaguliwa, jambo ambalo kampuni nyingi binafsi hazithubutu hata kulifanya. Ila alama 47 haimwambii kama aliangushwa na msimbo wake au na maelezo yake. Mtihani wa vitendo unaosahihishwa na kompyuta hutoa habari hiyo bila gharama ya ziada: majaribio manane yamepita, mawili yameanguka, haya hapa. Kwa karatasi hiyo mkononi, kijana wa Kizwite ataamua mwenyewe kama mwakani aombe tena, au aende akawauzie wenye maduka ya Sumbawanga kile anachokijua.